Makumbusho yananitaka, safu yangu ya uhakiki nayo siwezi kuiacha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhakiki wa filamu. Nina safu ya kila wiki kwenye gazeti moja, pamoja na kazi ndogo ndogo za kujazia kipato: naandika maelezo ya vijitabu vya matamasha, naongoza maongezi na waongozaji baada ya maonyesho, na mara mojamoja nafundisha vijana warsha ya uhakiki. Si kazi ya kumtajirisha mtu, ila ndiyo iliyonipa jina. Wasomaji wangu wananijua kwa jambo moja: filamu nisipoipenda nasema, awe ameitengeneza nani.

Sasa nimepata nafasi ya kuwa msaidizi wa mhifadhi wa filamu katika makumbusho ya sanaa. Wana ukumbi wa viti mia na kidogo, projekta mbili za milimita 35 na moja ya dijitali, na ghala la mikanda ambayo sehemu kubwa ni amana za familia za waongozaji waliofariki. Mkataba ni wa miaka miwili, na unaweza kuongezwa. Mshahara unaingia kila mwezi, jambo ambalo sijawahi kulijua. Nikiulinganisha na mwaka wangu mzuri, unapungua kidogo. Nikiulinganisha na mwaka mbaya, unazidi.

Kinachonikwamisha ni kipengele kimoja cha mkataba. Kinasema mwajiriwa hatachapisha uhakiki wala kutoa maoni hadharani kuhusu kazi za sinema bila idhini ya maandishi ya makumbusho. Nilipomwonyesha mhariri wangu, ambaye ndiye aliyenilea kikazi na hadi leo namwita Mama, alinirudishia karatasi akasema, "Umenunuliwa." Anaamini mhakiki akishaanza kulishwa na taasisi, kalamu yake inakuwa ya taasisi. Mume wangu naye anasema nitie sahihi leo leo, kwamba kodi ya nyumba hailipwi kwa heshima ya wasomaji. Nikiwasikiliza, kila mmoja ana haki.

Kuna mawili mengine. Kwenye usaili waliniomba nipange msimu wa filamu kumi kwa mada niipendayo. Nilipanga kwa raha zangu, kila filamu na sababu yake. Mkuu wa ghala, mzee mmoja mpole, alisoma orodha hadi mwisho kisha akauliza, "Nakala ziko wapi?" Sikuwa na jibu hata kwa filamu moja. Kazi wamenipa hata hivyo, lakini swali lile halijanitoka. Naona kama nitaingia mahali watu wote wanajua kazi isipokuwa mimi. La pili: kwenye bodi ya ushauri ya makumbusho yupo mwongozaji ambaye filamu yake ya mwisho niliiponda vibaya sana gazetini. Alinisalimia vizuri tu, na hilo ndilo linanitia wasiwasi zaidi.

Shangazi, nikiingia humo nitakuwa nimeuza uhuru wangu? Nikikataa, nafasi hizi ni chache na mtu akishakalia kiti hukaa miaka. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Ni mimi,
Kalamu Njia Panda

* * *

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza swali moja, lakini mimi naona matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja: kipengele cha mkataba, hofu kwamba kazi yenyewe huijui, na huyo mama wa gazetini ambaye hutaki kumwangusha. Tuyafungue, maana yakikaa pamoja kila moja linalivimbisha jingine. Kwa maoni yangu kipengele, kinachokunyima usingizi, ndicho chepesi kuliko yote. Ni maandishi, na maandishi ambayo hayajatiwa sahihi bado yanaongeleka.

Kabla ya hapo nikuulize jambo. Unasema kalamu yako leo iko huru. Umesema pia, tena kwa kupita tu, kwamba unaandika vijitabu vya matamasha na kuongoza maongezi na waongozaji. Hapo anayekulipa ni nani? Na filamu za tamasha hilo zikija kumbi za kawaida miezi michache baadaye, anayezihakiki kwenye safu ni nani? Sikulaumu. Wahakiki wengi wanaishi hivyo kwa sababu safu peke yake hailipi. Nataka tu uone kwamba mgongano wa maslahi unao tayari, umetawanyika vipande vipande na hakuna anayeuhesabu. Makumbusho yanakuletea mmoja, mkubwa, ulioandikwa wazi. Una ubaya wake, ila huo angalau unaweza kuwekewa masharti na msomaji akaambiwa.

Sasa swali la mzee wa ghala. Wewe umelichukua kama mtihani ulioufeli. Mimi nalisikia kama mtu aliyekuonyesha mlango wa chumba chake cha kazi. Mhakiki huanza na filamu. Mhifadhi huanza na nakala. Filamu ile ile inaweza kuwepo kama mkanda wa milimita 35 ambao rangi zake zimefifia hadi kila uso umekuwa wa waridi, kama mkanda wa milimita 16 uliochapwa kwa ajili ya shule, kama DCP, yaani faili la dijitali la kuonyeshea ukumbini, lililotokana na urejeshaji wa karibuni, na kama kaseti ya video isiyofaa kuingia ukumbini. Kusema "tuonyeshe filamu fulani" bado hujasema kitu mpaka useme ni ipi kati ya hizo, iko kwa nani, na ina hali gani.

Halafu kuna ruhusa mbili, na wanaoanza kazi hii huzichanganya. Ya kwanza ni ya mwenye nakala, ya pili ni ya mwenye haki. Hifadhi inaweza kuwa na mkanda safi kabisa, lakini haki ziko kwa warithi wa mtayarishaji ambao wenyewe kwa wenyewe hawasemeshani. Au mwenye haki anakubali kwa barua pepe ya mstari mmoja, ila nakala pekee yenye manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) mnayoyahitaji iko ng'ambo na wenyewe hawairuhusu kusafiri. Kuwa na mkanda kwenye rafu zenu hakuwapi ruhusa ya kuuonyesha. Na wa amana ndiyo kabisa: bado ni mali ya aliyeuleta, na barua ya amana ndiyo inayosema mnaweza kuufanyia nini. Barua hizo mara nyingine ni fupi mno, zimeandikwa na watu waliokuwa msibani.

Fanya hivi kabla ya mwisho wa mwezi. Chukua ile orodha yako ya filamu kumi, uichoree jedwali. Kila filamu iwe na mwenye haki, mwenye nakala, aina ya nakala, urefu kwa dakika, uwiano wa picha (upana wake kwa kimo chake), manukuu, ada ya kuonyesha, gharama ya usafiri na bima, na tarehe ya kurudisha. Kama ni filamu isiyo na sauti, ongeza kasi ya kuonyeshea, kwa sababu nyingi hazikupigwa kwa fremu, yaani picha moja moja za mkanda, 24 kwa sekunde, na ukizikimbiza watu wanatembea kama bata. Ongeza na malipo ya mpiga muziki. Filamu kadhaa zitakuangukia njiani. Kutafuta mbadala wake bila kuvunja wazo la msimu ndiyo kazi yenyewe hasa, na pale ndipo utajua kama unaipenda au ulikuwa unapenda kupanga majina tu. Msimu wa ukubwa huo huhitaji nusu mwaka au zaidi wa kuandikiana barua.

Hizo projekta mbili ulizozitaja kwa kupita ni mali kubwa kuliko viti. Hifadhi nyingi hukataa kuazima mkanda kwa ukumbi unaotumia sahani kubwa za mlalo, kwa sababu mfumo huo humlazimu fundi kukata vichwa na mikia ya rili zote (vipande ambavyo filamu hugawanywa, kila kimoja kwenye gurudumu lake) na kuziunga ziwe mkanda mmoja mrefu, na kila muungo hula fremu. Kwenye projekta mbili rili hupokezana. Rili ya mita 600 huenda takriban dakika 22, hivyo filamu ya dakika 100 huja kwa rili tano au sita. Ukikaa ukumbini tazama kona ya juu kulia: sekunde kama nane kabla ya rili kwisha kuna nukta inayokaa fremu nne tu, ikimwambia fundi awashe mota ya projekta ya pili. Nyingine hutokea sekunde moja hivi kabla ya mwisho, na hapo anahamisha picha. Ukiona kwenye nakala ya zamani misalaba iliyokwanguliwa pale kwa msumari, jua kuna fundi aliyepita hapo ambaye hakuziamini nukta za kiwandani. Mkague hilo mezani, mwandike kwenye ripoti ya hali kabla mkanda haujagusa projekta, la sivyo mtatozwa kwa uharibifu wa watu wengine.

Ghalani nako kuna lugha yake, na pua ndiyo huanza kuijua. Ukifungua kopo harufu ya siki ikakupiga, huo ni mkanda wa asetati, aina ya plastiki, unaooza. Asidi inayotoka ndiyo inayouharakisha kuoza zaidi, kwa hiyo kopo lililofungwa na kusahauliwa mahali pa joto huenda mbio. Wenye kazi huweka ndani ya kopo kipande cha karatasi ya kupimia: kinaanza bluu, kinakwenda kijani, kinaishia njano. Mkanda ulioanza hauponi. Unaupoza, unautenga na mingine, na unaamua upesi upi unakiliwe kwanza. Uliosinyaa ukakaribia asilimia 1 huthubutu kuupitisha kwenye projekta ya kawaida, meno yatararua matundu ya pembeni. Naitreti, aina ya plastiki ya zamani iliyotumika kwa mikanda ya milimita 35 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni habari nyingine kabisa. Ikishika moto huwaka hata ikiwa ndani ya maji, kwa kuwa hutoa oksijeni yake yenyewe. Waulize kama wanayo na inakaa wapi. Wakikujibu bila kusita, uko mahali pazuri.

Dijitali isikudanganye kwamba ni rahisi. DCP iliyofungwa hufunguliwa kwa ufunguo wa kidijitali uitwao KDM, uliotengenezwa kwa seva ya ukumbi wenu tu, kwa muda uliopangwa. Mtu akikosea cheti cha seva, au onyesho likasogezwa nje ya muda wa ufunguo, mna ukumbi uliojaa na skrini nyeusi. Ndiyo maana hujaribiwa angalau siku moja kabla, wakati kuna mtu ofisini anayeweza kutuma ufunguo mwingine. Ijumaa jioni si wakati huo.

Haya yote yanafundishika. Kuna shule zake, kama ile iliyofunguliwa mwaka 1996 kwenye Makumbusho ya George Eastman huko Rochester, Marekani, na huyo mzee mpole aliyekuuliza swali huenda akakufundisha zaidi ya shule ukikubali kuvaa glavu na kukaa naye kwenye meza ya kukunjulia mikanda. Kigumu kufundisha ni kile ambacho tayari unacho: kuitazama filamu kwa makini, kisha kumweleza mtu kwa nini atoke nyumbani aje kuiona. Pengine ndicho walichokuajiria. Usiwe na haraka ya kudhani wamekosea.

Kuhusu kalamu. Wapo waliopita njia hii kabla yako, na hawakuipita kwa namna moja. Iris Barry alikuwa mhakiki kwenye magazeti ya London miaka ya 1920. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalipoanzisha maktaba yake ya filamu mwaka 1935, yeye ndiye aliyekuwa mhifadhi wa kwanza. Uandishi wake ulihamia kwenye maelezo yaliyosafiri pamoja na filamu walizoziazimisha vyuo na makumbusho mengine, na watu wengi walijifunza historia ya sinema kwa kuyasoma. Lotte Eisner alikuwa mhakiki Berlin, akawakimbia Wanazi mwaka 1933 kwenda Paris, na kuanzia 1945 akawa mhifadhi mkuu wa Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya huko, kwa takriban miaka 30. Yeye aliingia kwenye vitabu vya historia, akiandika juu ya sinema ya Ujerumani huku akikusanya michoro, hati na mavazi ya filamu zenyewe. Jonas Mekas hakuchagua: alikuwa na safu ya filamu gazetini New York tangu 1958, mwaka 1962 akashiriki kuanzisha ushirika wa kusambaza filamu za kujitegemea, na hifadhi ya filamu ya Anthology Film Archives, aliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ikafunguliwa 1970. Aliwasifu watu ambao alisaidia kuwasambazia kazi. Wasomaji walijua yuko upande gani, wala hakujifanya refa. Lakini Mekas alikuwa anajenga nyumba yake mwenyewe. Mwajiriwa wa mkataba wa miaka miwili hana ubavu huo, na sitakuficha.

Kuna jambo ambalo mhariri wako hakulitaja, nami naliona zito kuliko idhini za maandishi. Ukisema gazetini kwamba filamu ni mbovu, mwongozaji anaweza kukujibu wiki inayofuata, na msomaji akaenda kuitazama ajionee. Mhifadhi hutoa hukumu kwa ukimya. Filamu asiyoinunua, asiyoiombea fedha za kunakiliwa, asiyoipa nafasi kwenye friji, hakuna anayejua kwamba ilijadiliwa. Baada ya miaka mingi huenda hakuna hata nakala ya kubishania. Utatakiwa kutetea mikanda usiyoipenda, kwa sababu ni pekee, au kwa sababu inaonyesha jinsi watu walivyokuwa wakitengeneza filamu wakati fulani. Je, mtu aliyejengewa jina na "nisipoipenda nasema" ataliweza hilo? Sijui. Ni swali lako, na ningelikaa nalo muda mrefu kuliko lile la kununuliwa.

Turudi kwenye kipengele. Usikione ni cha ajabu. Msambazaji uliyemponda Jumamosi anaweza kukataa kuwaazima nakala Jumatatu, na filamu iliyonunuliwa na makumbusho hupanda hadhi, hivyo sifa zako juu yake zinafanana na tangazo. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, ambazo makumbusho mengi duniani huzifuata, zinasema maslahi ya mfanyakazi yakigongana na ya makumbusho, ya makumbusho hutangulia. Msingi upo. Tatizo ni upana wake: "maoni hadharani kuhusu kazi za sinema" ni pamoja na warsha yako ya vijana, mhadhara, na mstari mmoja mtandaoni.

Unaweza kukitia sahihi kilivyo na kuamini busara yao. Wengine hufanya hivyo na maisha yanaendelea. Hatari yake ni kwamba idhini haina mwenyewe wala muda: nani anaitoa, ndani ya siku ngapi, na asipojibu ni ndiyo au hapana? Mkurugenzi mwema wa leo akiondoka, maandishi yanabaki.

Unaweza kuomba kifinywe. Waambie utajizuia kuhakiki filamu ambazo makumbusho yanaonyesha, yameshanunua au yanazijadili, kazi za wajumbe wa bodi, na za walioweka amana. Nje ya hapo, makala za historia, vitabu, mihadhara na warsha viwe huru. Idhini itolewe na mtu mwenye cheo kilichotajwa, ndani ya siku tano za kazi, na kama amekataa aseme sababu. Ulichochapisha kabla ya ajira kisiguswe. Katazo likome siku ya mwisho ya mkataba. Hili lidai hata wakikunyima mengine yote. Uliza pia hatimiliki ya maelezo utakayoandikia maonyesho na katalogi ni ya nani. Kwa kawaida hubaki kwa mwajiri, lakini jina lako chini ya makala na ruhusa ya kuichapa tena kwenye kitabu chako ni vitu vinavyoombwa na mara nyingi hupatikana. Hatari ya njia hii: ulimwengu wa filamu ni mdogo. Ukishatoa wote hao, safu ya kila wiki itakuwa na matobo mengi kiasi kwamba msomaji atajiuliza ulichokiruka ulikirukia nini. Huenda itakayobaki hai ni makala ya mwezi kuhusu filamu za zamani, ambayo ni kazi nyingine, yenye wasomaji wengine.

Unaweza kukataa ajira ukajitolea kuwaandalia msimu mmoja kama mhifadhi mgeni, kwa malipo ya mara moja, huku safu ikiendelea na wasomaji wakiambiwa. Ni njia safi. Ila mgeni hapewi funguo za ghala, na wala hatafundishwa kusoma mkanda. Kiti nacho watampa mwingine, kama ulivyosema.

Au gazeti likusimamishie safu kwa miaka hiyo miwili. Inasikika vizuri. Ugumu ni kwamba ukurasa hauachwi wazi. Atawekwa mtu, naye atapata wasomaji wake, na siku ukirudi si haki kumwambia ahame.

Mwongozaji uliyemponda asikuchukulie nafasi kubwa kichwani. Uliza bodi ile ina kazi gani: inashauri tu, au inapitisha manunuzi? Kisha uliza kama kuna utaratibu ulioandikwa wa mjumbe kutoka chumbani kazi yake inapojadiliwa. Kama upo, uombe ukuhusu na wewe: filamu zake azitathmini mtu mwingine. Salamu zake nzuri huenda ni salamu tu.

Mumeo yuko sahihi kuhusu kodi, lakini hesabu mliyofanya haijakamilika. Mshahara umeulinganisha na mapato yote ya sasa, wakati kipengele kilivyo kinaweza kukukatia vijitabu na maongezi pia, kwa hiyo hakuna cha kuongezea juu yake. Kwa upande mwingine kuna likizo na bima, ambazo safu haikupi. Maonyesho huwa jioni na wikendi: saa hizo zinalipwa, zinafidiwa kwa siku za mapumziko, au ni "moyo wa kazi"? Waulize pia bajeti ya programu kwa mwaka ukiondoa mishahara, kwa sababu mhifadhi asiye na fedha za kulipia nakala na usafiri huishia kuonyesha kilichoko ghalani tu. Na uliza, kwa upole, aliyekutangulia kwenye kiti hicho alikwenda wapi.

Mama wa gazetini nimemwacha mwisho kwa sababu yeye haandikiki kwenye mkataba. Neno lake ni kali, na ndani yake kuna ukweli: taasisi huwalainisha watu polepole, na wenyewe huwa wa mwisho kujua. Huenda ndani yake mna pia uchungu wa mhariri anayepoteza mwandishi aliyemlea. Usimlazimishe akubariki. Ningekushauri umpelekee kipengele pamoja na maneno unayotaka kuyapendekeza, umwombe ayahariri. Kazi yake ya miaka yote ni kukata sentensi zinazosema zaidi ya zinavyopaswa, na hakuna wakili atakayekufanyia hivyo kwa mapenzi. Akikataa, utakuwa umemheshimu. Akikubali, mtakuwa na la kuzungumza zaidi ya lile neno moja.

Lolote utakaloamua, kuna filamu ambazo tayari umeonyeshwa mapema na hazijafika siku ya kuruhusiwa kuandikwa. Mpe mhariri orodha yake sasa ili aamue nani azihakiki. Na ahadi za tamasha zilizobaki kwenye shajara yako, zitaje kwa gazeti na kwa makumbusho kabla ya kutia sahihi popote.

Wako,
Shangazi